Kigugumizi si uongo: mtoto aseme lini, na nani amuamulie?



Leo sina habari ya nani kahama chama wala nani kapelekwa wilaya gani. Lakini naanzia hukohuko kwenye siasa, kwa sababu ndiko neno lenyewe lilikoharibikia. Chukua magazeti yetu ya Kiswahili, pekua ya wiki chache tu, hutakosa kichwa cha habari kinachosema waziri fulani "apata kigugumizi" alipoulizwa juu ya mkataba, au mkurugenzi fulani "aona kigugumizi" kutaja majina. Maana yake wote tunaijua. Jamaa kabanwa, anakwepa, kuna kitu anaficha. Hata habari yenyewe huna haja ya kuisoma.

Sasa jifanye wewe ni mtoto wa miaka kumi na mbili pale Rulenge, Ngara, au Nyakahura, Biharamulo. Kigugumizi chako si cha mkataba, ni cha ulimi, unacho tangu unaanza kuongea. Kila siku unasikia watu wazima wakilitumia jina la tatizo lako kumaanisha uongo. Halafu mtu mzima huyohuyo anakusimamia mbele na kukuuliza, "Mbona hujibu? Unaficha nini?"

Naandika haya kwa sababu ya mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza, shule ya kata huko Biharamulo, mahali ambapo hakuna anayemjua. Siku chache kabla ya kufungua shule akanitumia meseji (kupiga simu hapendi, na mimi namwelewa): "Shikamoo mjomba. Niwaambie siku ya kwanza kuwa nina kigugumizi au ningoje wagundue wenyewe?"

Mimi nimezaliwa na kusoma Ngara, na kigugumizi ninacho mpaka leo. Ungedhani jibu ningekuwa nalo mfukoni. Sikuwa nalo, bwana. Nilikaa siku mbili bila kumjibu. Kwenye kutafuta jibu ndiyo nikagundua hili swali si la mpwa wangu peke yake, na wala si la familia tu. Ni la shule zetu, na kwa wilaya za mpakani kama zetu ni la polisi na uhamiaji pia. Ndiyo maana nalileta hapa.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Kigugumizi kwa kawaida huanza kati ya miaka miwili na mitano, mtoto anapoanza kuunganisha maneno. Inakadiriwa watoto watano katika kila mia hukipitia, na wengi wao kinawaacha wenyewe kabla hawajawa wakubwa. Wanaobaki nacho ukubwani ni kama mtu mmoja katika mia. Wavulana kinawabakia zaidi kuliko wasichana. Kinakwenda kwa ukoo pia. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza vinasaba vitatu vinavyohusika nacho kwenye baadhi ya familia. Kwa hiyo zile hadithi kwamba mtoto alimwigiza mtu mwenye kigugumizi kikamrukia, au alitekenywa sana akiwa mchanga, tuziweke pembeni. Wala si dalili ya akili ndogo. Mtoto anajua anachotaka kusema, neno liko tayari, mlango ndio unagoma.

Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 800,000 kwa Ngara na Biharamulo ukijumlisha. Ukichukua hilo kadirio la dunia la mmoja katika mia, ni kama watu 8,000. Hesabu ya harakaharaka tu, lakini inatosha kukuonyesha kuwa hatuongelei mtoto mmoja wa ajabu kijijini. Inawezekana na wewe unayesoma hii hapo kafe, huku dakika zako zinakwisha, una mwenzako aliyesoma na wewe miaka saba na hukujua kwa nini alikuwa haongei.

Na hukujua kwa sababu shule zetu za msingi zinaficha kigugumizi vizuri sana, halafu siku moja zinakianika. Nieleze.

Kuna jambo moja la ajabu kidogo. Ukiongea kwa pamoja na wenzako, au ukiimba, kigugumizi hupungua sana au kinapotea kabisa. Hilo limethibitishwa na watafiti kwa miaka mingi, na mwenye nacho yeyote atakwambia. Sasa darasa letu la kwanza likoje? "Shikamoo mwalimu!" kwa pamoja. A, e, i, o, u kwa pamoja. Jedwali la kuzidisha kwa pamoja, nyimbo kwa pamoja. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 madarasa mengi yamejaa watoto kweli kweli, na mwalimu mwenye watoto mia moja mbele yake afanyeje zaidi ya kuwaimbisha? Mtoto mwenye kigugumizi anaelea humo ndani kama samaki. Nyumbani mama anajua, mwalimu hajui.

Halafu inakuja siku ya kusimama peke yako. Kwangu ilikuwa mahudhurio. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi (simtaji, wala shule siitaji) alikuwa anaita majina asubuhi, unajibu "Nipo". Ni neno la silabi mbili tu, lakini mimi N ilikuwa adui yangu. Ananiita, nafungua mdomo, hakitoki kitu, anangoja kidogo, anaandika, anaita anayefuata. Tulikuwa wengi, hakuwa na muda wa kuinua kichwa. Mwisho wa mwezi mzee wangu akaitwa shuleni, akaambiwa mwanawe ni mtoro. Nikaulizwa mbele yao wote wawili kama nilikuwa natoroka. Nikatikisa kichwa kukubali, maana kukubali kulikuwa kufupi kuliko kueleza. Nikachapwa kwa utoro wa siku ambazo nilikuwa nimekaa dawati la pili kutoka mbele!

Sisimulii ili mnionee huruma, yamepita. Nasimulia kwa sababu ya kitu kimoja. Siku ile nilikuwa na nafasi ya kusema, na sikusema. Kwa miaka mingi nilijilaumu, nikiona ni woga wangu. Leo naona vingine. Mtoto aliyebanwa mbele ya watu wazima wawili na fimbo mezani hajapewa nafasi ya kusema kitu chochote. Amepewa nafasi ya kukiri tu. (Na kwa wasiojua: kanuni za viboko zinasema fimbo ni kwa makosa makubwa, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na visizidi vinne. Kushindwa kutamka si kosa, kubwa wala dogo.)

Hoja yangu ya leo ndiyo hiyo, wadau. Swali la "aseme lini" tumelifanya kama ni swali la ujasiri wa mtoto. Kumbe sehemu kubwa ni kwamba muda huo tunamnyang'anya sisi. Kinamfichukia kabla hajachagua. Anakuwa mtu wa kujitetea badala ya kuwa mtu wa kueleza.

Haya, twende kidato cha kwanza, maana ndiko aliko mpwa wangu. Mtoto wa kwetu anabadilisha lugha mara mbili kabla ya kuota ndevu. Nyumbani Ngara ni Kihangaza au Kishubi. Biharamulo utakuta Kisubi, Kizinza, Kisukuma, Kihaya, na vingine vya wahamiaji. Shule ya msingi Kiswahili. Sekondari Kiingereza. Kila lugha ina sauti zake ngumu, na mtu mwenye kigugumizi anaishi kwa ujanja wa kubadilisha maneno. Kama "kiberiti" kinagoma, unasema "cha kuwashia moto". Ndogo ndogo hizo zinakuokoa. Lakini kubadilisha maneno kunahitaji uwe nayo mengi. Kwa Kiingereza cha wiki ya kwanza una neno moja tu kwa kila kitu, likigoma umekwisha. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa anajificha vizuri darasa la saba anaanikwa Januari. Walimu wanasema Kiingereza kimemshinda. Yeye anajua siyo Kiingereza, lakini atamwambia nani, na kwa lugha ipi?

Na kitu cha kwanza anachoulizwa ni jina. "Simama ujitambulishe." Kama hujawahi kuwa na kigugumizi hutaelewa hili: jina lako ndilo neno gumu kuliko yote. Nimewahi kusafiri kutoka Nyakanazi nikienda Benaco, B ikagoma kabisa, konda kanikodolea macho, nikasema Rusumo ambako ni mbele zaidi. Nikalipa nauli ya Rusumo, nikashuka Benaco kimya kimya. Kwenye basi unaweza kufanya hivyo kwa shilingi zako. Jina huna la kubadilishia. Mtu akisita kwenye jina lake mwenyewe darasa zima linacheka, kwa sababu nani asiyejua jina lake? Watoto hawachekei ubaya wakati wote, wanaona ni kichekesho kweli. Lakini jina la utani linapatikana dakika ile ile na utatembea nalo miaka minne.

Mpaka hapo mtu atasema haya yapo Tanzania nzima, kwa nini Ngara na Biharamulo? Kwa sababu huku kwetu kusita kwenye jina kuna gharama nyingine.

Mnakumbuka historia. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, Benaco ikageuka mji wa mahema. Wakaja na Warundi, kambi za Lukole. Wazee wetu waliwapokea, na wengine walipata hasara, hiyo ni mada ya siku nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba tangu hapo mtu wa wilaya hizi anaishi na swali la "wewe ni wa wapi?" Kihangaza na Kirundi ni ndugu, mtu wa Dar akisikia hatofautishi. Julai 2013 Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera alitoa siku 14 kwa wahamiaji haramu kuondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Mpaka leo ukiwa mkoa wa mpakani, iwe kizuizini barabarani au kwenye kuomba kitambulisho cha taifa, maswali ni yale yale. Unaitwa nani? Baba yako nani? Babu yako nani? Mwenyekiti wa kijiji chenu nani?

Angalia maswali hayo vizuri. Yote ni majina. Hakuna hata moja unaloweza kubadilishia neno. Na askari anayeuliza naye ni mtu aliyekulia kwenye hiki Kiswahili chetu ambacho kigugumizi maana yake ni kuficha. Kijana akikwama kwenye jina la baba yake sekunde kumi, jasho linamtoka, macho anayakwepesha (na kukwepesha macho huja kwenyewe neno likigoma), wewe ungekuwa yule afande ungefikiri nini? Sisemi afande ni mbaya. Nasema hajafundishwa, na yule kijana hajafundishwa kumwambia.

Kwa hiyo mtoto wa huku anayejifunza kunyamaza kuhusu kigugumizi chake shuleni, anajifunza kunyamaza ambako siku moja kutamgharimu njiani. Kusema ni kitu cha kufanyia mazoezi mapema, mahali pa usalama, kabla ya kukihitaji.

Hapo sasa watu wazima wanarukia hitimisho: basi tumsemee! Mwalimu atangaze mstarini, mzazi aandike barua, kila mtu ajue, yaishe. "Mficha maradhi kifo humuumbua," si ndivyo wanavyosema?

Taratibu jamani. Kwanza kigugumizi si maradhi. Pili, kumtangaza mtu si sawa na mtu kusema mwenyewe. Kuna kisa cha Marekani cha mwaka 1939, jimbo la Iowa. Mtafiti wa chuo kikuu Wendell Johnson na mwanafunzi wake walichukua watoto yatima 22. Baadhi yao walikuwa wanaongea vizuri kabisa, wakaambiwa na watu wazima kuwa wameanza kuwa na kigugumizi, wajichunge wasiongee kama hawawezi kutamka sawasawa. Hawakugeuka kuwa na kigugumizi kama watafiti walivyotarajia, lakini kadhaa wao wakawa wakimya, wanaogopa kuongea, masomo yakayumba. Chuo kilikuja kuomba radhi mwaka 2001, na mwaka 2007 jimbo likakubali kuwalipa baadhi ya walioathirika au familia zao dola 925,000. Watu wazima kumbandika mtoto jina mbele za watu kunaweza kumfunga mdomo hata asiye na tatizo. Mwenye nalo je?

Na sheria yetu wenyewe iko wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki kwenye maamuzi yanayomgusa. Kama kuna uamuzi unaomgusa mtoto, ni huu wa nani ajue kuhusu ulimi wake.

Lakini je, kusema kunasaidia? Utafiti uliotoka mwaka 2017, wa Courtney Byrd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, uliwapa watu kumsikiliza mtu mwenye kigugumizi. Wengine walimsikia akianza kwa kueleza tu kwamba ana kigugumizi, wengine akianza kwa kuomba msamaha, wengine hakusema kitu. Aliyeeleza bila kuomba msamaha ndiye aliyeonekana vizuri zaidi, mtu anayejiamini. Waliopimwa ni watu wazima, na Texas siyo Rulenge, tusikurupuke. Lakini mimi nimeijaribu kwenye maisha yangu na naona ina ukweli. Ukisema "samahani jamani, nivumilieni" watu wanaanza kukuonea huruma au kukudharau. Ukisema "nina kigugumizi, nitachukua muda kidogo, nisikilizeni tu" wanatulia.

Wale wa kanisani na msikitini mnajua pia kisa cha Nabii Musa, kipo kwenye Biblia na kwenye Kurani. Alipoitwa aende kwa Farao alisema mapema kuhusu ulimi wake, kabla ya safari. Hakusema baada ya kukwama mbele ya Farao. Alimwambia aliyemtuma, hakutangaza sokoni. Akapewa ndugu yake Haruni wa kumsaidia. Na kazi hakuondolewa! Walimu mnaosoma hapa, hilo la mwisho ni lenu. Mtoto akikwambia ana kigugumizi, usimuondolee maswali mwaka mzima ukidhani unamsaidia. Umempa ukimya mwingine tu, safari hii kwa wema.

Najua pingamizi litakalokuja. Mtu atasema, "Ukiwaruhusu watoto waseme hivyo, kila mvivu atasema ana kigugumizi akwepe kujibu." Ndugu yangu, hakuna mtoto mvivu anayejitafutia kuchekwa. Na mwalimu atakayemsikia mara mbili atajua. Mwingine atasema, "Sisi tulichekwa na tukakua." Ni kweli tulikua. Wengine tulikua tukichagua kazi kwa kuangalia ipi haina simu. Wapo waliokuwa na vichwa vizuri kuliko mimi, waliacha shule kidato cha pili na wazazi wakaambiwa mtoto hapendi shule. Hao hawapo hapa kutupinga.

Sasa nini kifanyike? Nasema machache ambayo hayahitaji bajeti ya bunge.

Moja, mahudhurio. Mtoto ainue mkono. Basi.

Mbili, siku ya kwanza ya shule, mwalimu wa darasa awaambie watoto wote, bila kumtazama yeyote, kwamba mwenye jambo lolote la kusikia, kuona, kuongea au afya, aje aniambie au aniandikie kikaratasi wiki hii. Kikaratasi ni muhimu. Anayeshindwa kusema kwamba anashindwa kusema, aandike. Ni dakika mbili tu, na mtoto amepewa mlango ambao atauingia mwenyewe akiwa tayari.

Tatu, kupima kusoma. Kwenye upimaji wa kitaifa wa kusoma wa mwaka 2013 kipimo kimoja kilikuwa maneno sahihi mtoto anayosoma kwa sauti kwa dakika. Kwa watoto wengi ni kipimo kizuri. Kwa mtoto mwenye kigugumizi saa inapima ulimi, haipimi kusoma. Anayejua kila neno anaandikwa hajui. Apewe kusoma kimya na kujibu maswali kwa kuandika au kuonyesha. Hapa ndipo kusema mapema kunakuwa na faida ya moja kwa moja: kabla ya mtihani, si baada ya matokeo.

Nne, polisi na uhamiaji wa mikoa ya mpakani wafundishwe hili, hata nusu saa tu. Mtu akikwama kwenye jina mpe karatasi aandike. Na vijana wenye kigugumizi, kabeni sentensi moja kichwani na mkiweza iandikeni kwenye simu au karatasi: "Nina kigugumizi. Naomba muda nijibu." Ionyesheni mapema, kabla ya swali la pili. Kusema baada ya kukaripiwa kunaonekana kisingizio.

Tano, wataalamu. Chuo Kikuu cha Makerere, jirani zetu Uganda, kilianza mwaka 2008 kufundisha shahada ya tiba ya usemi. Sisi wataalamu hao ni wachache mno, na walio wengi wako miji mikubwa. Mzazi wa Lusahunga au Kabanga nauli tu ya kuwafikia inamshinda. Mpaka wafike, tuna redio. Radio Kwizera pale Ngara ilizaliwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, watu waliohitaji kusikika. Nadhani kila tarehe 22 Oktoba, siku ya kimataifa ya kigugumizi, kijana mmoja mwenye kigugumizi akipewa dakika kumi hewani bila kukatizwa, hata kama nusu yake ni kukwama, itafundisha wilaya nzima kuliko semina. Kwa hiari yake lakini, sio kupelekwa.

Na nyie wenye gazeti, waziri akikwepa swali andikeni amekwepa swali. Kiswahili kina neno hilo.

Turudi kwa mpwa wangu. Nilimjibu siku ya tatu. Nilimwandikia kwamba sijui siku gani ni nzuri, ila najua mambo matatu. Aseme kabla ya kubanwa, si baada. Aanze na mtu mmoja, si darasa zima. Na asiombe msamaha. Nikamwambia pia kama hataki kusema ni haki yake, na akinyamaza sitamwita mwoga.

Alikaa wiki ya kwanza bila kusema. Kwenye kujitambulisha alikwama, walicheka, akakaa. Nilipoambiwa roho iliniuma, nikasema ona sasa, ningemsukuma aseme. Wiki ya pili akamwambia jirani yake wa dawati. Wiki ya tatu akampa mwalimu wa hesabu kikaratasi. Kwa nini hesabu? Akanijibu kwa meseji, "Mjomba, kwenye hesabu najua majibu yote, inaniuma nikikaa kimya." Mwalimu akaanza kumwita ubaoni aandike kwanza kisha aeleze taratibu. Wengine hawajaambiwa. Wa Kiingereza hajaambiwa. Nilimuuliza lini, akasema bado anamwangalia.

Nikamwacha. Anajua anachofanya kuliko mimi nilivyojua umri wake.

Haya wadau, kwa leo naishia hapa. Kama una kigugumizi, au ulisoma na mwenye nacho, au ni mwalimu huko Ngara, Biharamulo au popote, tuambie: ilisemwa lini, na nani alisema? Hapa unaandika, hakuna wa kukukatiza.